Kifaa kinachosoma 7.00 ndani ya bafa ya 7 bado hakijathibitisha kitu

Swali: Nina kifaa cha mkononi cha kupima maji, chenye kihisi cha pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, na cha upitishaji umeme. Kila mwezi nakitumbukiza katika kimiminika cha pH 7, nabonyeza kitufe cha kalibresheni, nacho huonyesha 7.00 bila tatizo. Hata hivyo, maji ya kisima chetu yalisoma 6.4 nilipoyapima palepale kisimani, ilhali sampuli ya maji hayohayo, iliyopimwa maabara siku iliyofuata, ilionyesha 7.2. Upande wa chumvi pia tumetofautiana: kifaa changu kinasema miligramu 310 kwa lita, maabara wanasema 434. Je, kifaa kimeharibika? Na nikifanyie kalibresheni mara ngapi?

Jibu: Nianze na chumvi, kwa kuwa fumbo lake huenda likafumbuka kabla hatujakigusa kifaa. Kifaa cha mkononi hakihesabu miligramu ya chumvi hata moja. Kinachopima ni urahisi wa umeme kupita majini, kwa maikrosimensi kwa sentimita, kisha kinazidisha namba hiyo kwa kizidisho kilichopangwa kiwandani ili kupata makadirio ya miligramu kwa lita. Vizidisho vinavyotumika sana ni 0.5, kinachofuata tabia ya chumvi ya kawaida, na 0.7, kinachofuata mchanganyiko wa chumvi unaokaribiana na ule wa maji ya asili. Gawanya 310 yako kwa 0.5, utapata 620. Gawanya 434 ya maabara kwa 0.7, utapata 620 ileile. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, lakini kwa namba zinazooana kiasi hicho ningewauliza maabara swali moja tu: walitumia kifaa cha umeme kama chako, au waliyakausha maji wakapima uzito wa mabaki? Kama waliyakausha, namba yao ni uzito halisi na yako ni makadirio, na hakuna kalibresheni itakayozifanya zilingane. Kuanzia sasa linganisha maikrosimensi na maikrosimensi. Miligramu waachie wanaozihitaji kwenye ripoti.

Kwenye pH hakuna njia ya mkato ya namna hiyo, ingawa namba ulizoleta zina ushahidi ndani yake. Kigololi cha kioo kilicho kwenye ncha ya elektrodi, yaani kile kihisi cha pH, hutoa volti ndogo kulingana na tofauti ya ioni za hidrojeni kati ya maji yaliyo nje na kimiminika kilichofungiwa ndani. Elektrodi kamilifu iliyo katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi hutoa milivolti 0 kwenye pH 7, na kila hatua moja ya pH huibadilisha kwa milivolti 59.16, kwa hiyo kwenye pH 4 hutoa takriban milivolti 177 chanya na kwenye pH 10 milivolti 177 hasi. Elektrodi halisi hutofautiana na hiyo kamilifu kwa mambo mawili: sufuri yake haikai sawasawa kwenye 7, na mteremko wake, yaani idadi ya milivolti kwa kila hatua ya pH, hupungua kadiri inavyozeeka. Kalibresheni, ambayo wengine huiita ugezi, ni kazi ya kukiambia kifaa sufuri iko wapi na mteremko ni kiasi gani. Haiponyi elektrodi. Inakifundisha kifaa kuitafsiri elektrodi hiyo kwa hali iliyonayo leo.

Wewe umekuwa ukitumia bafa ya 7 peke yake, yaani kile kimiminika ambacho pH yake inajulikana. Bafa moja huweka sufuri tu. Mteremko kifaa kinauchukua kwa imani, ama ule wa kiwandani au ule uliobaki kwenye kumbukumbu yake. Tuseme elektrodi yako imechoka na imebaki na asilimia 80 ya mteremko wake. Kwenye 7 itasoma 7.00, maana ndipo ulipoifunga, lakini ndani ya kimiminika cha pH 4 itasoma 4.6, kwa sababu uchovu daima huivuta namba kuelekea 7. Sasa rudi kwenye kisima chako. Maji yenye pH halisi ya 7.2 yangesomwa na elektrodi hiyo kuwa 7.16, yasingeshuka hadi 6.4 kwa vyovyote, kwa kuwa uchovu wa mteremko hauwezi kuivusha namba kutoka upande mmoja wa 7 kwenda upande wa pili. Zaidi ya hayo, kama elektrodi yako kweli imechoka kiasi hicho, pH halisi pale kisimani ilikuwa chini kuliko ulivyoona, karibu 6.25, na tofauti yako na maabara ingekuwa kubwa zaidi.

Hii haina maana kwamba mteremko usiangaliwe. Niliwahi kuletewa kifaa ambacho mwenyewe alikisifu kwa kutulia: kila asubuhi 7.00 ndani ya bafa, na maji ya visima vyote alivyopima wiki nzima yalikuwa kati ya 6.9 na 7.1. Nilikichovya ndani ya siki. Kikasoma 7.0. Kigololi kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ambao ulionekana tu nilipokigeuza geuza kwenye mwanga, na elektrodi yenye ufa aghalabu hutoa volti inayokaribia sufuri popote itakapowekwa. Kalibresheni ya bafa ya 7 peke yake haina namna ya kuutambua ugonjwa huo. Kinyume chake, huupa cheti.

Basi baada ya kuuondoa mteremko kwenye orodha ya washukiwa wa tofauti hii, tumebaki na watatu.

Wa kwanza ni sufuri iliyohama. Kutoka 7.2 hadi 6.4 ni hatua 0.8, sawa na milivolti 47 hivi, na katika mwezi mmoja huko ni kuhama kukubwa, ila nimekuona kwa elektrodi iliyoachwa ikakauka au ambayo kizibo chake kidogo cha vinyweleo, kile kinachovujisha chumvi pembeni ya kigololi, kimezibwa na uchafu. Ungeweza kujua, kama usingekuwa na tabia ya kubonyeza kitufe mara tu elektrodi inapogusa bafa. Kila unapobonyeza unafuta ushahidi wa mwezi mzima uliopita. Chovya kwanza, subiri itulie, andika namba uliyoikuta kabla ya kurekebisha chochote, ndipo ubonyeze. Bafa ya 7 ikisomwa 6.95 baada ya mwezi, sufuri yako ni tulivu na mshukiwa huyu ameachiwa. Ikisomwa 6.3, tumempata.

Wa pili ni haraka. Vimiminika vingi vya kuhifadhia elektrodi vina uchachu kiasi, na elektrodi iliyotoka humo huanza ikiwa chini na kupanda polepole inapowekwa kwenye maji ya kisima. Anayesoma baada ya sekunde kumi anasoma safari, hajasoma mwisho wake. Maji yako yana maikrosimensi 620, ambayo ni chumvi ya kutosha kabisa kwa elektrodi nzima kutulia ndani ya dakika moja au mbili. Maji ya mvua yangekuchukua muda mrefu zaidi. Suuza kwa maji ya sampuli yenyewe mara mbili au tatu, zungusha taratibu, na usiiamini namba mpaka tarakimu ya pili baada ya nukta iache kuhama.

Wa tatu, ambaye mimi ningemshuku kuliko wote, ni maji yenyewe. Maji ya chini ya ardhi hupita kwenye udongo ambao hewa yake ina kaboni dioksaidi nyingi mara kadhaa kuliko hewa tunayovuta, na gesi hiyo ikiyeyuka hufanya asidi dhaifu inayoshusha pH. Maji yakifika juu, gesi huanza kutoka kama inavyotoka kwenye chupa ya soda iliyofunguliwa, asidi hupungua, na pH hupanda, mara nyingine kwa nusu hatua au hata hatua nzima. Chupa iliyojazwa nusu, ikatikiswa njiani, ikakaa usiku kucha kwenye joto la chumba, inapofika maabara haina tena yale maji uliyoyapima. Ndiyo sababu kanuni za Wakala wa Kulinda Mazingira wa Marekani hutaka pH ipimwe ndani ya dakika 15 tangu sampuli ichotwe. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba 6.4 ni kweli na 7.2 pia ni kweli.

Jambo hili unaweza kulipima bila kumtegemea mtu. Chota maji, pima mara moja. Jaza chupa moja hadi ukingoni kabisa, kwa kuizamisha ndani ya ndoo ili kusibaki hata kiputo, uifunge ikiwa humo. Chupa ya pili ijaze nusu, itikise kwa nguvu dakika mbili tatu, ifungue, itikise tena. Baada ya saa moja pima zote mbili kwa elektrodi ileile, zikiwa na joto lilelile. Chupa iliyojazwa ikibaki karibu na 6.4 na ile iliyotikiswa ikapanda kuelekea 7, umeishika gesi mkononi. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba hata kama sufuri ya kifaa imehama, tofauti kati ya chupa mbili inabaki.

Sasa kalibresheni yenyewe, nayo nitaieleza kwa utaratibu ninaoufuata mimi.

Anza na upitishaji umeme, si pH. Bafa za pH zina chumvi nyingi mno, na tone moja lililobaki kwenye kihisi linatosha kuharibu kimiminika cha rejea cha upitishaji umeme, ilhali mabaki kidogo ya kimiminika hicho hayaisumbui bafa. Kwa maji kama yako kimiminika kinachofaa ni kile cha maikrosimensi 1413 kwa sentimita, ambacho ni kloridi ya potasiamu ya 0.01 mole kwa lita. Kabla ya kukichovya kihisi, kikaushe na ukisome kikiwa hewani: lazima kionyeshe sufuri au jirani kabisa na sufuri, vinginevyo kuna utando wa chumvi juu yake. Kisuuze kwa kimiminika hichohicho mara mbili, mwaga, mimina kipya, chovya mpaka vitundu vyote vya kihisi vizame, kisha kigonge kidogo ili viputo vya hewa vitoke. Kiputo kimoja kilichonasa ndani huishusha namba, na mtu asiyekijua hukifidia kwa kalibresheni, halafu siku inayofuata kiputo hakipo na namba zote zinakuwa juu.

Kisha pH. Itazame elektrodi kabla ya kuitumia: je, kigololi kina ufa, kina utando, kina kiputo ndani? Kiputo cha ndani huondolewa kwa kuikung'uta kama ilivyokuwa ikikung'utwa thamomita ya zebaki. Fuwele nyeupe kwenye kofia si ugonjwa, ni chumvi iliyokauka, zisuuze. Mimina bafa kidogo kwenye kikombe safi. Usiichovye elektrodi ndani ya chupa, wala usiirudishe chupani bafa uliyokwisha kuitumia. Anza na ya 7, malizia na ile iliyo upande wa maji yako. Kisima chenye 6.4 kinahitaji 7.00 na 4.01, anayepima maji ya 8 achukue 7.00 na 10.01, akijua kwamba bafa ya 10 hunyonya kaboni dioksaidi ya hewani na kushuka upesi kuliko zenzake, kwa hiyo iliyokaa wazi tangu asubuhi haifai kutumiwa jioni. Kati ya bafa na bafa suuza kwa maji yaliyokenekwa na ugusishe karatasi laini ili inyonye tone. Usisugue. Kusugua huzalisha umeme tuli kwenye kioo, na namba hutangatanga kwa dakika kadhaa bila sababu inayoonekana.

Baada ya bafa mbili, vifaa vingi huonyesha mteremko kwa asilimia. Kama chako hakionyeshi lakini kina ukurasa wa milivolti, ukokotoe mwenyewe. Tuseme bafa ya 7.00 imetoa milivolti −6 na ya 4.01 imetoa +162. Tofauti ni milivolti 168 kwa hatua 2.99 za pH, yaani 56.2 kwa hatua moja. Ukigawanya kwa 59.16 unapata asilimia 95. Hiyo ni elektrodi yenye afya. Kati ya 90 na 95 ningeisafisha na kuirudia. Chini ya 90 hata baada ya kuisafisha, ningeanza kutafuta nyingine. Sufuri nayo isipite milivolti 30 upande wowote. Andika namba hizi mbili kila mara, kwa tarehe, kwa sababu elektrodi haifi ghafla isipokuwa ikivunjika: mteremko hutelemka wiki baada ya wiki, na daftari huiona miezi miwili kabla yako.

Mwisho wa kalibresheni hauko kwenye kitufe. Rudisha elektrodi kwenye bafa mpya ya 4.01, na kama unayo, kwenye bafa ya chupa nyingine kabisa, kwa mfano ya 6.86, usome bila kubonyeza chochote. Ikikosea kwa zaidi ya 0.05, rudia. Chupa nyingine nasisitiza kwa sababu bafa iliyoharibika hukidanganya kifaa, kisha kifaa kinaisoma bafa hiyohiyo na kuisifu kuwa sahihi.

Joto linahitaji neno, kwa kuwa linaeleweka vibaya. Fidia ya joto ya kifaa hurekebisha mteremko tu, ambao ni milivolti 58.2 kwenye nyuzi 20 na 60.1 kwenye nyuzi 30. Bafa nazo hubadilika zenyewe: ile ya 10.01 kwenye nyuzi 25 ni 10.06 kwenye nyuzi 20, na ya 7.00 ni 7.02. Kifaa kinachozitambua bafa chenyewe kwa kawaida kina jedwali hilo ndani. Kinachokutaka uingize namba kwa mkono, ingiza ile iliyoandikwa kwenye chupa kwa joto la wakati huo. Kwenye upitishaji umeme mambo ni kinyume. Kimiminika cha 1413 kikiwa na nyuzi 20 kina maikrosimensi 1278, lakini kifaa chenye fidia kinairudisha namba kwenye nyuzi 25 kabla ya kukuonyesha, kwa hiyo unakiwekea 1413 hata kama chumba ni cha baridi. Anayekiwekea 1278 amefidia mara mbili, na vipimo vyake vyote vitakuwa chini kwa karibu asilimia 10.

Kuhusu mara ngapi: pH, bafa mbili, kila siku unayokwenda kupima, na mara moja kwa mwezi haitoshi hata kwa elektrodi mpya. Upitishaji umeme ni mvumilivu zaidi. Uhakiki siku hiyohiyo kwa 1413, lakini usiubadilishe kama umesoma kati ya 1371 na 1455, yaani ndani ya asilimia 3. Kurekebisha kila kitikisiko kidogo kunaingiza makosa ya siku hiyo kwenye kifaa kilichokuwa sawa. Hicho ni kiwango changu, na mwongozo wa kifaa chako ukitaja kingine, ufuate huo. Ukirudi jioni, soma bafa ya 7 bila kubonyeza, uandike. Namba hiyo ndiyo inayosema kama vipimo vya mchana vinaaminika.

Elektrodi ihifadhiwe ndani ya kimiminika cha kuhifadhia au kloridi ya potasiamu ya mole 3 kwa lita, na kamwe isihifadhiwe ndani ya maji yaliyokenekwa, ambayo huinyonya chumvi yake. Iliyokauka ilowekwe usiku mzima kabla ya kuhukumiwa. Ukoko mweupe wa chokaa huondoka kwa dakika chache ndani ya siki, mafuta kwa sabuni laini ya maji, na baada ya usafi wowote iachwe saa moja kwenye kimiminika chake kabla ya kalibresheni.

Kwa kisima chako, basi, ningefanya hivi. Usibonyeze kitu kwanza; chovya kwenye bafa ya 7, kisha ya 4, uandike ulichokikuta. Fanya kalibresheni ya bafa mbili, kokotoa mteremko. Nenda kisimani na bafa zote mbili ndani ya vikopo vyenye vifuniko, viweke kwenye ndoo ya maji ya kisima robo saa vifikie joto lake, zihakiki hapohapo, ndipo upime maji na ujaze zile chupa mbili. Ile iliyojaa hadi ukingoni ipeleke maabara siku hiyohiyo, ikiwa baridi, na kwenye lebo yake uandike pH uliyoipata, joto la maji, na saa uliyochota.